Maji ya Ruvu: Mlimani, Shambani na Bombani

Leo tuzungumze juu ya mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru kule Morogoro na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam hutoka humo, kwa mitambo miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mitambo hiyo iliongezewa uwezo hata kufikia lita milioni 466 kwa siku. Lakini mtambo hauumbi maji. Oktoba 2022 mto ulipungua sana, jiji likaingia katika mgao, na macho yakageukia wenye pampu kandokando ya mto.

Je, ni pampu tu? Hapana. Hebu tupande mlimani kwanza.

Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eka moja ni kama lita 200,000, yaani mapipa 1,000 ya lita 200. Ikinyesha taratibu kwenye udongo uliofunikwa, maji huzama, kisha hutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Kwa hiyo maji unayoyaona mtoni mwezi Septemba, kwa sehemu kubwa, ni ile masika iliyozama. Ikianguka yote kwa saa moja juu ya shamba tupu la mteremko, basi mapipa hayo yanashuka na udongo wako, na kwa siku chache yamefika baharini.

Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapotuuma. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe umeongeza joto la dunia. Hewa yenye joto hunyonya maji zaidi kutoka mtoni na shambani, halafu huyamwaga kwa kishindo. Mwaka 2022 vuli ilichelewa. Vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Na usidhani mafuriko ni neema kwa bomba. Maji ya tope huhitaji dawa nyingi kuyasafisha. Bwawa la Kidunda, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2023, ni la kuhifadhi maji ya masika, lakini tope la mashamba yetu laweza kulijaza pia.

Sasa wewe ufanye nini? Ukiwa mlimani, chimba fanya juu: mfereji unaofuata usawa wa kilima, udongo ukiutupa upande wa juu, kisha panda majani ya ng'ombe kwenye tuta. Kazi ni ngumu, hatukufichi, na mwaka wa kwanza utaona kama umepoteza ardhi. Lakini unyevu utakaa, na mbolea haitakwenda Bagamoyo.

Ukiwa bondeni, mwagilia jioni au alfajiri, tena tandaza nyasi. Usilime ndani ya mita 60 za ukingo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza. Na ile pampu, hata iwe ndogo, inahitaji kibali cha kutumia maji kwa sheria ya mwaka 2009. Maji ya kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hayahitaji. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro. Kama mko wengi, jiungeni katika jumuiya ya watumia maji, mpangiane zamu za kumwagilia kabla kiangazi hakijakolea. Mgao ukitangazwa tena, mwenye kibali na zamu yake ana la kujibu. Asiye navyo atazimiwa pampu nyanya zikiwa na maua.