Je, Wajua? Siri za Umri wa Bastola za Kijerumani

Je, wajua kwamba bastola aina ya Luger ya jeshi la Ujerumani hutembea na mwaka wake mgongoni? Kuanzia 1910, kiwanda cha DWM kiligonga tarakimu nne waziwazi juu ya chemba ya risasi: 1913, 1916, 1918. Macho yako tu yanatosha!

Ngoja, usishangilie mapema. Zipo zenye miaka miwili, tuseme 1917 na 1920. Wa kwanza ndio mwaka wa kutengenezwa. Huo 1920 ni muhuri wa serikali, uliogongwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuonyesha kuwa silaha ni mali yake.

Je, wajua kwamba Luger kadhaa zaweza kuwa na namba ileile? Hesabu ilikwenda 1 hadi 10,000, ikarudi 1 ikiwa na herufi a, kisha b, kisha c. Mwaka mpya ukiingia, yote yanaanza upya! Kwa hiyo akikutajia muuzaji namba tupu, bila herufi wala mwaka, hajakwambia kitu.

Sasa sikia hii. Mwaka 1934 Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa bado umeibana Ujerumani katika silaha, na Mauser, waliokuwa wakitengeneza Luger wakati huo, wakaficha tarehe: badala ya mwaka wakagonga herufi K. Mwaka 1935 wakagonga G. Hata jina la kiwanda lilifichwa, likawa S/42. Ilipofika 1936, mwaka kamili ukarudi mahali pake.

Na hiyo 42 ndiyo inayowachanganya watu! Ukiona 42 kwenye Luger yenye mwaka 1939, hiyo ni alama ya kiwanda cha Mauser. Ukiona byf juu na 42 kwenye chemba, mambo yamegeuka: byf ndiyo Mauser, na 42 ni mwaka 1942. Mimi hii naipenda kuliko zote.

Je, wajua kwamba hata jina la mji hutoa umri? Miji ya Zella St. Blasii na Mehlis iliunganishwa mwaka 1919, ikawa Zella-Mehlis. Bastola ya Walther iliyoandikwa Zella St. Blasii ni ya enzi za jina la zamani. Yenye Ulm ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kaizari alikimbia Ujerumani mwaka 1918, sivyo? Basi taji halikukimbia naye! Bastola za kiraia ziliendelea kugongwa taji juu ya herufi N, alama ya kupita majaribio ya baruti, hadi tai alipochukua nafasi hiyo mwaka 1940. Taji lilidumu miaka 22 bila mwenyewe.

Umewahi kuona bastola ya Mauser C96 yenye 9 kubwa nyekundu kwenye mpini? Ni ya oda ya jeshi ya mwaka 1916, bastola 150,000. Hiyo 9 ilichongwa ili askari asitie risasi ya milimita 7.63 kwenye bastola ya milimita 9.

Nawe, kabla hujaigeuzageuza bastola ukitafuta mihuri, chomoa magazini kwanza. Kisha kagua na chemba: risasi moja huweza kubaki humo.