"Sitaki" ni Neno Moja au Matatu?

Kama unatusikiliza kila wiki, mwanangu unamjua. Ni yule anayepiga kelele nyuma wakati mimi najitia kuzungumza mambo ya maana. Sasa ana miaka 2 na miezi 4, na mwenzenu nina daftari lake.

Si kile kitabu chekundu tunachopewa huku England mtoto akizaliwa, cha kuandika kilo na chanjo. Hili ni daftari la kawaida tu, linakaa juu ya friji, lina madoa ya mafuta ya maandazi. Nililianza siku aliposimama dede katikati ya sebule, hajashika kitu, mama yangu akapiga kigelegele. Nikataka kumpelekea ujumbe mume wangu, ambaye Kiswahili hajui, nikashindwa kuipata "dede" kwa Kiingereza. Basi nikaiandika kama ilivyo. Baada ya wiki mbili akaanza kwenda tata, nikaandika na hiyo.

Nawasomea kidogo:

Miezi 16. Kajigonga kwenye meza. Hakulia. Kaipapasa meza, kaiambia, "Pole."

Miezi 19. Nimempa uji. "Taki!"

Miezi 21. Niko chooni. Anagonga mlango: "Hodi!" Kimya kidogo. "Karibu!" Kajikaribisha mwenyewe, kaingia.

Miezi 23. Uji tena. "Sitaki!"

Miezi 25. Bibi kamfundisha kuamkia. Sasa anamwamkia kila mtu, mpaka dereva wa basi na mbwa wa jirani. Mbwa hakujibu, ikabidi amjibie: "Marahaba."

Miezi 27. Pale nasari walikuwa na jiko moja la kuchezea, wameleta la pili. Kaniambia kuna "vichen". Yaani kitchen moja, vichen viwili!

Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Lakini ukifikiria, mtoto hajakosea sana. "Kitabu" tulikitoa kwenye Kiarabu, na ile "ki" ni ya neno lenyewe, ila Waswahili hawakujali, wakasema "vitabu". Hata "kipilefti" ya Tanzania ni keep left ya Kiingereza, na zikiwa nyingi watu wanasema "vipilefti". Mwanangu kafanya hivyo hivyo, na kuvaa soksi bado hajui.

Sasa, mwezi uliopita ikaja fomu. Huku England kuna ukaguzi wa mtoto akiwa kati ya miaka 2 na miaka 2 na nusu, na kabla ya kwenda unajaza maswali: ndiyo, mara nyingine, au bado. Swali moja likauliza kama mtoto anaunganisha maneno mawili au matatu. Nikakaa na kalamu. Maneno yake mengi ni ya Kiswahili, na huja moja moja. "Sitaki." "Nimeanguka." "Nipe." Kalamu ikaanza kuelekea kwenye "bado", na moyo ukanidunda, kwa sababu kile kisanduku nakijua.

Nilipokuwa na miaka 3, mwalimu mmoja aliwaambia wazazi wangu kwamba nimechelewa kusema, na kwamba Kiswahili ndicho kinachonichanganya, bora wakiache. Wakakiacha. Siwalaumu. Walikuwa wageni, na waliamini mwalimu ndiye anayejua. Nikakua naelewa kila nikisemwa, lakini siwezi kujibu. Bibi yangu alifariki Tanga mimi nikiwa na miaka 19. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu nilisema "shikamoo", nikasema "nzuri", halafu nikabaki namsikiliza akihema. Kiswahili hiki unachosoma nimekipata ukubwani, na mama bado ananisahihisha.

Nikaweka kalamu chini, nikaenda kulichukua daftari.

"Sitaki". Ile "si" ina mimi na ina kukataa, vyote pamoja. "Taki" ndiyo kutaka. Kwa Kiingereza ni I don't want, maneno matatu. "Nimeanguka": ni, me, anguka. Huyu mtoto anaunganisha tangu zamani, ila anaunganisha ndani ya neno, kwa sababu ndivyo lugha yake ilivyo. Na pale kwenye daftari inaonekana kabisa: miezi 19 "taki", miezi 23 "sitaki". Miezi minne tu.

Nikaenda nalo kwenye ukaguzi, mama akanisindikiza. Mhudumu wa afya aliyetupokea alikuwa mpole. Akaniambia maneno ya lugha zote yanahesabiwa, kisha akaniomba nimfafanulie "sitaki", akaandika. Tukaweka "ndiyo".

Mama alikaa pembeni kimya muda wote. Tulipofika kwenye gari, mwanangu anapigana na mkanda, ndipo akasema: "Wewe ulisema 'sitaki' kabla hujafika mwaka na nusu. Hakuna aliyeniuliza."

Sikujua la kumjibu. Nilipofika nyumbani nikaiandika hiyo pia, na jina langu pembeni.

Na wewe je? Leo mpigie mama, au shangazi, au yeyote aliyekulea, umuulize neno lako la kwanza la Kiswahili lilikuwa lipi. Mrekodi akikwambia. Hata kama ni "sitaki".