KIPAKATALISHI KIKICHEMKA, PROSESA HAIJAFA

Huenda ukafungua ukurasa huu ukasema kwamba vipakatalishi vya gemu ni mambo ya watoto wa matajiri. Ngoja kidogo. Siku hizi vinauzwa vikiwa vimetumika, mitumba kama viatu, na wengi wanaovinunua hapa Voi hawachezi gemu hata kidogo. Wanafuata ile prosesa yenye nguvu ili wahariri video za harusi, wachore ramani za nyumba au watengeneze muziki. Kaka yangu ni mmoja wao. Chake kina prosesa ya Intel Core i7-9750H iliyotoka mwaka wa 2019, na ndicho kinachotulisha miezi ambayo biashara ya mama sokoni imelala.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kipakatalishi cha namna hii kikianza kuugua, feni zake hulia kama mashine ya kusaga unga. Ukikiweka magotini unaungua. Kazi ya nusu saa inachukua saa nzima, na mwishowe kinazimika ghafla, pu! bila hata kukuaga. Hapo ndipo watu hukimbilia kwa fundi, na fundi mwingine akishaona jasho lako anakwambia ati prosesa imekufa.

Hebu tuelewane. Prosesa iliyokufa kwa kawaida haiwaki kabisa. Hii inayokokota miguu ni nzima, ila inajiokoa. Ndani yake mna vipimajoto vidogo, na ya kaka imewekewa mpaka wa nyuzijoto 100 za Selsiasi. Pindi joto linapofika hapo, inajipunguzia mwendo ili ipoe, na joto likizidi kupanda inaizima mashine. Ni kama msukuma mkokoteni anayepanda mlima saa saba mchana. Hajavunjika mguu, amepunguza hatua tu.

Aidha, watu hudanganyika kuhusu huo mwendo wenyewe. Wauzaji huandika gigahezi 4.5. Waama si uongo, lakini huo ni mwendo wa kukimbilia basi: wa kiini kimoja, tena kwa muda mfupi. Prosesa hii ina viini 6, na mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.6. Kwa hivyo ukiona 3.2 kazi ikiwa nzito, usilie, uko vizuri. Ukiona 1.4, hapo pana neno.

Ndiyo maana mimi nasema pima kwanza. Iko programu ya bure iitwayo HWiNFO. Ifungue, anzisha kazi nzito, kisha kwa dakika kumi tazama joto la prosesa, mwendo wake, na ule mstari unaojibu ndiyo au la kama prosesa imejipunguza kwa sababu ya joto. Andika yote kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea mbele ya fundi.

Kaka alikuwa ameambiwa na fundi mmoja, "Kijana, prosesa imekwisha. Leta elfu ishirini na nane nikubadilishie bodi yote." Ni kweli kwamba prosesa za mashine hizi zimelehemiwa kwenye bodi, hazichomolewi peke yake. Lakini elfu 28! Mama alishaanza kuulizia bei ya mbuzi wawili aliowaweka kwa ajili ya karo yangu. Nikamwambia, "Kaka, ngoja tupime kwanza." Joto lilifika nyuzi 100 kwa dakika mbili, mwendo ukaporomoka hadi gigahezi 1.4, na ule mstari ukajibu ndiyo. Tukaiacha ipoe, mwendo ukarudi juu bila shida. Mfu gani huyo anayefufuka akipigwa upepo?

Sasa, joto linakwama wapi? Juu ya prosesa hupakwa pesti ya kijivu, mfano wa dawa ya meno, inayoziba vijishimo kati yake na kibao cha shaba. Kibao hicho kimeshikana na mabomba ya shaba yenye majimaji kidogo ndani. Majimaji hayo hugeuka mvuke upande wa moto, hukimbilia upande wa feni, hupoa, yakarudi. Hapo kwenye feni kuna vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya chanuo, na hewa hupita katikati yake ikilitoa joto nje. Mtu wa Voi hahitaji kuelezwa vumbi letu jekundu. Linaingia, linashikana na nyuzi za nguo, linaziba meno yote. Feni inapiga kelele lakini hewa haipiti. Isitoshe, mchana huku hewa yenyewe hupita nyuzi 30, na joto la nje likipanda, la ndani hupanda nalo.

Tulizima mashine, tukachomoa chaja, tukafungua kifuniko cha chini na kuchomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Kupuliza kwa nje tu hakutoshi, maana vumbi hujificha kati ya feni na yale meno, kwa hivyo lazima feni ifunguliwe. Ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa fujo yakaharibu beringi. Kumbe vumbi lilikuwa limeshikamana, likatoka kipande kizima kama blanketi! Mama alicheka, akasema linatosha kumfunika kifaranga. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo. Tukaifuta kwa spiriti na kupaka mpya kiasi cha punje ya njegere. Hiyo ilitugharimu shilingi 500.

Tulipopima tena kwa kazi ileile: nyuzi 86, gigahezi 3.2, na jibu ni la. Mbuzi bado wako zizini.

Ninyi wa gemu nanyi msikasirike, nimewakumbuka. Katika mashine nyingi kadi ya picha hutumia mabomba yaleyale ya shaba, hivyo ikichemka inaipikia prosesa pia. Kama kioo chako huonyesha fremu 60 kwa sekunde, ibane gemu isitengeneze zaidi ya 60. Zinazozidi zinaongeza joto kwa faida ndogo. Na asiye na bisibisi aingie kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ashushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye prosesa kama ya kaka, ile mbio ya kukimbilia basi inazimwa, na joto linashuka sana. Mwendo utapungua, lakini kazi itakwisha bila mashine kuzimika.

Liko tatizo jingine linalofanana na hili, ila si la joto. Ukiona mwendo umeganda kwenye gigahezi 0.8, joto ni nyuzi 50 tu, na hausogei ufanye ufanyavyo, usifungue mashine. Angalia chaja. Chaja isiyo yake, au iliyokatika waya mmoja ndani, mashine inaweza kukosa kuitambua, nayo ikajibana ili itumie umeme kidogo. Azima nyingine ya aina ileile na yenye wati zilezile, ujaribu. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alihangaika hivyo wiki mbili. Chaja ya kuazima ikamaliza maneno palepale.