Fahamu: Kwa nini diski ya terabaiti 1 haikupi terabaiti 1?

Umenunua diski ya nje ya terabaiti 1 ya kuwekea nakala rudufu, umeichomeka kwenye kompyuta ya Windows, nayo inasoma GB 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Nafasi ni ileile, kipimo ndicho tofauti.

Upotevu wa kweli unaanzia kwenye kufomati. Diski hugawanywa katika vijisanduku viitwavyo klasta, na faili mbili hazikai klasta moja. Ukiifomati kwa mfumo wa faili wa exFAT bila kubadilisha chochote, Windows huweka klasta za KB 128. Faili ya KB 3, barua fupi tu, itashika KB 128 zote. Ukiwa na faili kama hizo 100,000, zitameza takriban GB 13. Kwa mfumo wa NTFS, ambao klasta yake ya kawaida ni KB 4, zitachukua takriban nusu GB. Kwa video ndefu, tofauti hiyo haionekani.

Wanaotumia Linux wana jambo lao: mfumo wa faili wa ext4 hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya mtumiaji mkuu, yaani karibu GB 50 hapa. Kwenye diski ya nakala pekee akiba hiyo haina kazi kubwa, na amri ya tune2fs huirudisha bila kufuta kitu.

Kama una nyaraka nyingi ndogo na unatumia Windows pekee, chagua NTFS. Amua kabla ya kunakili, kwani kufomati upya hufuta kila kitu.