Vinara wa Mawimbi Ukambani: Pampu Inayotuma SMS na Waya Tatu Zinazotosha

Anayetafuta kasi ya ajabu atafute kwingine. Kitui na Makueni, kifaa cha mawasiliano husifiwa kwa kufikisha habari fupi, kama vile "pampu imesimama", kwa umeme kidogo na gharama ndogo. Vinara ndio hawa.

Kilichofupisha kusubiri kuliko vyote. Mwaka 2013 huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio la kufunga vifaa kwenye mishikio ya pampu za mkono 66 hivi. Kila kifaa kilikuwa na kihisi cha kuhesabu mshikio unavyopanda na kushuka, na modemu ya GSM ya kutuma hesabu hiyo kwa SMS. Pampu ikinyamaza, fundi anapata habari bila mtu kufunga safari. Awali pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa; wakati wa jaribio, zilishuka chini ya 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa huduma ya FundiFix, inayotunza mifumo ya maji Kitui na Kwale.

Aliyewahi kulipisha maji kwa simu. Mwaka 2009, miaka miwili tu baada ya M-Pesa kuanza, mfumo wa Lifelink wa kampuni ya Grundfos ya Denmark ulikuwa tayari Kitui: pampu ya sola, salio linalowekwa kwa simu, na ufunguo wa kielektroniki wa kuchotea maji.

Ahadi kubwa kuliko zote. Januari 2013, mwaka uleule wa jaribio la Kyuso, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, Makueni, kwenye ekari 5,000. Kwa ukubwa, pampu za Kyuso hazifui dafu. Kwa kuleta faida mapema, zilitangulia.

Lugha kongwe zaidi. Modemu za GSM, kama zile za Kyuso, bado zinatii amri za AT, zilizoanza na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, iliyotembea kwa biti 300 kwa sekunde. Andika AT, nayo ijibu OK. Andika AT+CMGS na namba ya simu, nayo ingoje ujumbe wako. Hata modemu nyingi za USB za kuchomeka kwenye kompyuta zinaielewa lugha hii.

Waya chache zaidi. Tatu. Kwenye muunganisho wa siriali, TX (kutuma) ya bodi ya kidhibiti huenda RX (kupokea) ya modemu, RX huenda TX, na ya tatu huunganisha GND (ardhi ya umeme). Wanaoanza huunganisha TX na TX, kisha wakasingizia mtandao.

Mlafi mkuu wa umeme. SIM800L, moduli ya GSM ndogo kuliko kiberiti, hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa kishindo kifupi. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa ampea 0.5. Ndiyo maana moduli inayotegemea umeme wa kompyuta pekee hujizima na kuwaka kila inapotafuta mnara. Ipe betri ya lithiamu au chanzo chake yenyewe, kisha unganisha GND zote pamoja.

Mwenye kasi kuliko wote. Hapa USB 2.0 haina mpinzani: biti milioni 480 kwa sekunde, mara 50,000 ya siriali iliyowekwa biti 9,600 kwa sekunde. Lakini SMS ya herufi 160 hupita kwenye siriali hiyo kwa takriban sehemu ya sita ya sekunde, na mwanakijiji anayengoja fundi hatauona utofauti. Kwa hiyo mafundi hugawa kazi: kigeuzi cha USB kwenda siriali, kama CP2102 au CH340, hubaki mezani kwa kupanga na kupima moduli, na siriali ndiyo inayokwenda kisimani, kwa kuwa kidhibiti kinachokula umeme kidogo kinaimudu, na betri moja inadumu zaidi.