Suzhou kwa Treni: Bustani za Watumishi Waliovuliwa Vyeo

Katika mtaa wa Mtandire, mjini Lilongwe, nyumba zimesongamana hata maji ya mvua ya paa la jirani humwagika uani kwako. Ni mtaa wa wachuuzi, mafundi na vibarua, na Kichewa ndicho kinachosemwa humo. Lakini mwaka 2022, tulipoutembelea, Kiswahili nacho kilisikika pale gengeni, kwani baadhi ya wakimbizi wa Kongo na Burundi walikuwa wametoka katika kambi ya Dzaleka, iliyo wilayani Dowa kaskazini ya mji, wakaja kutafuta riziki.

Tulikwenda huko kumwamkia Meja mmoja mstaafu wa Jeshi la Malawi. Kiwanja chake hakizidi hatua 20 kwa upana. Mtu akisukuma lango la bati hutaraji kuuona mlango wa nyumba mbele yake. Hauoni. Hukutana na ukuta mfupi wa matofali wenye tundu la duara mfano wa mwezi, na katika tundu hilo huona jani la mgomba na ukingo wa kidimbwi, basi. Njia yapinda kushoto, yarudi kulia, yazunguka jiwe kubwa lenye matundu, ndipo mlango uonekane. Jirani yake, mama mmoja wa Uvira aliyekuja kuazima jembe, alitunong'oneza: "Huyu muzee feza yake yote ametia mu njia ya kupoteza watu."

Meja alicheka, akatuuliza kama twaikumbuka siku ya Suzhou. Tutaisahau vipi!

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Aprili, mwaka 2019. Tulikuwa maafisa watano kutoka Afrika katika kozi ya kijeshi mjini Nanjing, nchini China. Meja ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Kiswahili alikipata mashariki ya Kongo, alikotumika katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa vikosi vya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Sote tulijua, ingawa hakuna aliyethubutu kulitaja, kwamba wiki ile amepokea taarifa ya kustaafu bila ya kuvishwa cheo cha Luteni Kanali, na kwamba vijana aliowafunza gwaride wamempita. Alikuwa amenyamaza kwa siku tatu. Safari hii tuliipanga kwa ajili yake, na yeye alikubali shingo upande.

Tulikurupuka alfajiri. Tiketi ya treni huko hufungamanishwa na hati ya kusafiria, na sisi tunaoandika makala haya, tuliowahimiza wenzetu tangu jana yake wasisahau chochote, ndio tulioacha hati bwenini. Tulirudi mbio kama kuruta aliyesikia filimbi. Dakika chache zaidi na treni ingetuacha.

Tumezoea kusema gari la moshi, lakini pale moshi hakuna. Reli hiyo ya kasi kati ya Nanjing na Shanghai, yenye urefu wa kilometa 301, ilifunguliwa mwezi wa Julai 2010, sambamba na reli kongwe ya mwaka 1908. Maandishi juu ya mlango wa behewa yalionyesha mwendo wa kilometa 300 kwa saa. Msomaji aliyepanda treni yetu ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kwa mwendo wa kilometa 160, azidishe karibu mara mbili. Zhenjiang, Changzhou, Wuxi: miji ilipita kabla hatujamaliza mayai tuliyofungashiwa bwaloni.

Njiani, Luteni wa Kichina aliyekuwa mkalimani wetu alitusimulia habari za mtu mmoja aitwaye Wang Xianchen. Huyu alikuwa mkaguzi katika dola ya Ming, kazi yake kuchunguza mienendo ya watumishi wa Mfalme. Ikatokea kwamba yeye mwenyewe alichunguzwa, na waliomchunguza walikuwa wale wa Idara ya Mashariki, polisi wa siri walioongozwa na matowashi wa ikulu. Alitiwa ndani, akachapwa viboko, akashushwa cheo na kupelekwa kazi duni katika mikoa ya mbali ya kusini. Mwishowe aliacha utumishi, akarudi kwao Suzhou, na mnamo mwaka 1509 akaanza kujenga bustani.

Meja, aliyekuwa akitazama mashamba dirishani, aligeuka. "Zama za utotoni mwangu," alisema, "mtu huyo kwetu angepelekwa Dzaleka." Luteni hakuelewa, basi ilibidi tumweleze kwamba Dzaleka, kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ilikuwa gereza la wale walioonekana wapinzani wa Rais Banda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza tangu siku ya Alhamisi.

Bustani ya Wang ipo hata leo, mwendo mfupi kutoka stesheni, na ina ukubwa wa zaidi ya hekta tano. Jina lake ni Zhuozheng Yuan, na limechukuliwa katika maandishi ya Pan Yue, mtu wa karne ya 3, aliyesema kwa kejeli kwamba kumwagilia bustani na kuuza mboga ndio utawala wa mtu asiyejua kutawala. Yaani Wang aliyaandika matusi ya maadui zake juu ya lango lake mwenyewe, akaingia ndani akafunga mlango.

Tulitarajia maua yaliyopangwa kwa safu kama askari wa gwaride. Hapana safu hata moja. Vitu vyake ni vinne: maji, mawe, mimea na majengo, na kazi yote ni kukuficha na kukufunulia. Tangu Monduli tulifundishwa kusoma ardhi: wapi pa kujificha, wapi pa kuona bila ya kuonekana, wapi adui atalazimika kupunguza mwendo. Waliojenga bustani hizi walijua elimu hiyo hiyo, ila wameitumia kwa raha ya macho. Daraja limepindwapindwa makusudi ili usikimbie. Kilima cha mawe kimewekwa mlangoni ili usilione ziwa lote kwa mara moja. Na ukisimama upande wa mashariki na kutazama magharibi, juu ya maji wauona mnara wa hekalu wa ghorofa tisa, ukadhani umo ndani ya bustani, kumbe uko nje kabisa, mjini. Wenyewe huita hila hiyo kuazima mandhari. Bwana Ji Cheng, mzaliwa wa Wujiang karibu na Suzhou, aliieleza katika kitabu chake cha ufundi wa bustani, Yuanye, alichokimaliza mwaka 1631.

Kuhusu Wang, inasimuliwa kwamba baada ya kifo chake mwanawe aliipoteza bustani yote kwa kamari ya usiku mmoja. Wazazi walio katika vikosi wanajua jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Kando ya bustani kuna jumba ambalo, kwa mwanajeshi, lastahili saa nzima. Mwaka 1860 jeshi la waasi wa Taiping liliuteka mji wa Suzhou, na kamanda wake, Li Xiucheng, akaifanya bustani hii kuwa sehemu ya makao yake. Uani mna mti utambaao wenye vichala vya maua ya zambarau, ambao husemwa ulipandwa na Wen Zhengming, mchoraji aliyekuwa rafiki wa Wang na aliyeichora bustani yake katika picha 31 mwaka 1533. Siku ile ulikuwa umechanua, na nyuki walivuma juu ya vichwa vyetu.

Chini ya maua hayo Luteni alitueleza mwisho wa vita. Mwaka 1863 majeshi ya Mfalme yaliuzingira mji, yakisaidiwa na kikosi cha Charles Gordon, Mwingereza yule yule aliyekuja baadaye kuwa gavana wa Ikweta, katika Sudani ya kusini na kaskazini ya Uganda, na kuuawa Khartoum mwaka 1885. Li Xiucheng alikuwa amekwisha kuondoka. Baadhi ya makamanda aliowaacha walimwua mkuu wao wakafungua malango, kwa ahadi kwamba watasalimika. Na ahadi hiyo Gordon aliidhamini. Mwezi wa Desemba, Li Hongzhang, mkuu wa upande wa Mfalme, aliwakata vichwa. Gordon alighadhibika mno, na zawadi ya fedha aliyopewa na Mfalme akaikataa. Li Hongzhang akaligeuza jumba lile kuwa ofisi yake.

Hapo tulibishana. Mmoja wetu alishika kwamba waliosaliti mkuu wao wangesaliti tena, na mji wenye waasi wengi wenye silaha si mahali pa huruma. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Makamanda wengi wamekesha nayo. Meja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba huko Kongo alipata kuwapokea vijana waliotoka msituni, wakaweka bunduki chini, na miongoni mwa askari wake walikuwamo waliopoteza rafiki zao wiki ile ile. "Niliwaambia askari wangu: aliyetupa bunduki si adui yenu tena, ni mgeni wa sheria. Niliwapikia uji." Hakuongeza neno, na hakuna aliyembishia. Tulimtazama mtu huyu aliyenyimwa cheo, tukainamisha nyuso.

Bustani ya pili, Liu Yuan, iliyoanzwa mwaka 1593 na mtumishi mwingine aliyeshtakiwa na kuondolewa kazini, ina jiwe moja la ziwa Taihu lenye kimo cha mita sita na nusu, limesimama wima kama moshi ulioganda. Lakini sisi tulishikwa na nguzo. Katika miaka ya vita vya karne iliyopita askari walifunga farasi zao katika ukumbi mkubwa wa bustani hiyo, na farasi wakazitafuna nguzo za mbao ya thamani. Ilikuja kutengenezwa upya mwaka 1953. Hatusemi farasi wana kosa. Kila afisa aliyewahi kupanga kikosi katika shule au kanisa anajua nani mwenye kosa.

Jua lilipoanza kushuka tulifika Wangshi Yuan, na hapo Meja alifufuka. Bustani hii, pamoja na nyumba zake, ni kama nusu hekta tu. Haifikii uwanja wa mpira. Dimbwi lake halifiki mita za mraba 500, nalo lina daraja la jiwe ambalo hatua tatu hulimaliza. Hata hivyo mtu huzunguka humo akidhani pana mwisho mwingine nyuma ya kila ukuta. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliiweka katika urithi wa dunia mwaka 1997 pamoja na tatu nyingine za Suzhou, na uani mmoja wake ulijengwa mfano wake New York, ukafunguliwa mwaka 1981. Meja hakujali hayo. Alipima kwa hatua. Alihesabu kutoka ukuta hadi maji, kutoka maji hadi baraza, akaandika katika kijitabu cha doria. Alipiga magoti, akatazama jinsi ukingo wa dimbwi ulivyochimbwa chini ya mawe ili maji yaonekane hayana mwisho. Mlinzi wa bustani, mzee mwenye kofia, alidhani amepotewa na kitu, naye akapiga magoti akamsaidia kutafuta.

Katika treni ya kurudi usiku, Meja alituonyesha kijitabu. Kulikuwa na mchoro, na juu yake ameandika: Mtandire.

Ndiyo njia ile tuliyoipita mwaka 2022. Mawe aliyaokota katika mto Lingadzi, na lile kubwa lilibebwa kwa mkokoteni na vijana sita. Samaki alijaribu kuwafuga, wakaibwa. Katika tundu la ukuta ukitazama kwa pembe fulani unaiona miti ya mbali, isiyo yake; ameiazima. Mama wa Uvira alikuwa amempa vipandikizi vya matembele kuufunika ukingo wa dimbwi, nayo matembele hushinda nyasi kwa kuwa huliwa.

Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warejee Dzaleka. Meja alitupigia simu mwezi wa Juni. Alisema mama yule amekwenda, na jembe amelirudisha kabla ya kuondoka. Alisema pia kwamba Jumamosi atapanda basi la Dowa kumpelekea vipandikizi vya matembele yale yale, ila hajui huko kambini kiwanja chake kina hatua ngapi.