Mlimani Kabla ya Ukata

Tukizungumzia kushuka kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi huanzia mwaka 1986, serikali ilipokubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ukata uliumiza kweli. Lakini naamini chuo hiki kilianza kunyong'onyea kabla hazina haijakauka, na aliyekibana ni yuleyule aliyekizaa.

Kilizaliwa kwa haraka. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 13. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, kisha kikahamia kampasi yake ya Mlimani.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na baadhi ya mabango yao yalisema heri enzi ya ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Hasira yake inaeleweka: wakulima ndio waliokuwa wakiwasomesha vijana hao. Lakini kuanzia siku ile ilijulikana kwamba ugomvi wa chuo unaweza kuamuliwa Ikulu.

Hata hivyo, miaka iliyofuata ndiyo iliyokipa chuo jina. Walter Rodney alifundisha historia na kuandika kitabu chake cha 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Yoweri Museveni, baadaye rais wa Uganda, akiwa mwanafunzi aliongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi. Umoja huo ulikuwa na madarasa yake ya itikadi siku za Jumapili, ambako watu walisoma vitabu ambavyo hakuna mtihani uliovidai, na ulikuwa na jarida lake, Cheche. Humo Issa Shivji, kijana bado, aliuliza ni tabaka gani hasa linalofaidi uchumi uliotaifishwa. Swali hilo liliulizwa na watu walioliamini Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa, na kulitaka litimie. Novemba 1970 umoja na jarida lake vilipigwa marufuku, kwa maelezo kwamba nchi ina itikadi yake na Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Mwaka huohuo chuo kilikuwa kimefanywa chuo kikuu kamili cha taifa, na Makamu Mkuu wa Chuo akatoka makao makuu ya chama.

Mijadala haikufa papo hapo. Ile ya tabaka, dola na ubeberu iliendelea kwa ukali miaka yote ya sabini. Lakini Machi 1978 wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wakubwa, walifukuzwa tena kwa mamia.

Kwa hiyo ukata ulipofika ulikuta chuo kilichokwisha kujifunza kunyamaza. Wahadhiri wengi walikwenda Botswana na kwingineko. Waliobaki walifuga kuku, kisha wakapata kazi za ushauri elekezi, na hapa ndipo naona hasara kubwa zaidi. Katika kazi hiyo mfadhili huja na swali lake na tarehe yake, na ripoti huenda kwake. Mwanafunzi haioni kamwe. Yeye hubaki na madesa yaliyotolewa nakala miaka nenda rudi, katika ukumbi wa mamia ambamo hakuna nafasi ya kumpinga mwalimu.

Majengo hayana neno. Maktaba iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa China inaweza kuketisha watu zaidi ya 2,000. Kiu nayo ipo: Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa chuoni hapo, kilipoanzishwa 2008, Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, mihadhara yake ilivuta watu hata wasio wanachuo. Kwa hiyo zaidi ya majengo, chuo kinahitaji fedha za utafiti zinazotoka hazina yetu wenyewe, zisizofungwa na swali la mfadhili, na kinga ya kisheria kwa mhadhiri na mwanafunzi watakaotoa jibu lisiloipendeza serikali.